Mbung'o na bakteria wake: nani mtumwa wa nani?

Swali: Nimesikia mbung'o hawezi kuzaa bila bakteria. Je, bakteria huyo ni mshirika wake au mtumwa?

Jibu: Ni kweli. Mbung'o, jike kwa dume, hula damu tu maisha yake yote, na damu ina upungufu wa vitamini za kundi B. Pengo hilo huzibwa na bakteria aitwaye Wigglesworthia, aishiye ndani ya seli maalumu za utumbo wake. Jike akipewa dawa inayowaua bakteria hao huwa tasa. Naye mama huwarithisha kwa maziwa anayomlisha buu akiwa bado tumboni, jambo la ajabu kabisa kwa mdudu.

Wanaouita uhusiano huu utumwa wana hoja nzito: bakteria huyu amepoteza jeni nyingi mno, amebakiwa na takriban 600, na hawezi tena kujitegemea. Lakini naona wanatazama upande mmoja. Nasaba za bakteria hao na za spishi za mbung'o hufuatana tawi kwa tawi, ishara kwamba wameambatana kwa mamilioni ya miaka, na katika muda huo mbung'o naye amefungwa. Ndiyo maana watafiti wa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, wanamchunguza bakteria huyu: akidhoofishwa yeye, uzazi wa mbung'o hukatika.