Mkataba wa Kenya na Ujerumani na Maandalizi ya Mfanyakazi Mwenye Ujuzi

Tarehe 13 Septemba 2024, jijini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira, mbele ya Rais William Ruto na Chansela Olaf Scholz. Mara zikaenea habari kwamba Wakenya 250,000 wametengewa kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha: mkataba hautaji idadi wala mgao, na kila mwombaji atapimwa kwa masharti ya sheria ya nchi hiyo. Kanusho hilo halikusambaa kama uvumi ulivyosambaa, na hapo ndipo matapeli wamepata nafasi. Maandalizi yoyote ya dhati huanza kwa kukubali kwamba makubaliano ya serikali mbili hurahisisha utaratibu tu. Ajira hutolewa na mwajiri, na viza hutolewa kwa anayetimiza masharti.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Uhamiaji wa Wataalamu, iliyoanza kutumika Machi 2020 na kulegezwa kwa awamu mwaka 2023 na 2024. Kiini chake ni utambuzi wa sifa: cheti kilichotolewa Kenya hulinganishwa na kile cha Ujerumani. Katika taaluma zinazosimamiwa kisheria, kama udaktari na uuguzi, hakuna kufanya kazi kama mtaalamu kamili kabla ya utambuzi huo, na muuguzi kwa kawaida hutakiwa kuwa na Kijerumani cha kiwango cha B2. Tangu Machi 2024 upo pia utaratibu unaomruhusu mwenye mafunzo ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya kwao, mkataba wa ajira na Kijerumani cha A2, kuanza kazi huku utambuzi ukiendelea. Udereva nao una masharti yake. Madereva watano wa mabasi kutoka Kenya walipokelewa mjini Flensburg katika mradi wa majaribio, lakini leseni ya Kenya peke yake haimtoshi dereva kubeba abiria huko.

Nyaraka ndizo huchelewesha wengi. Majina yanapaswa kufanana, herufi kwa herufi, katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya masomo na pasipoti. Hitilafu irekebishwe kisheria mapema, kabla ya tafsiri rasmi kulipiwa. Mtaala wa mafunzo, kumbukumbu za saa za vitendo na barua za waajiri wa zamani zina uzito mkubwa, kwa kuwa wakaguzi huangalia kilichofundishwa na muda uliotumika, si jina la cheti tu. Kughushi hata waraka mmoja huharibu ombi lote, na huwatia doa waombaji wengine wa chuo kilekile.

Asiye na mwajiri anaweza kuangalia kadi ya fursa, Chancenkarte, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024. Humpa mwenye sifa mwaka mmoja wa kutafuta kazi akiwa Ujerumani, na ruhusa ya kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki. Hata hivyo, mwombaji lazima athibitishe uwezo wa kujikimu kwa muda wote huo. Kuuza shamba la familia ili kupata fedha hizo, bila lugha ya kutosha, ni hatari isiyopaswa kuchukuliwa.

Suala la ada linahitaji msimamo thabiti. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala wa ajira hamtozi mfanyakazi gharama za kumtafutia kazi. Anayenufaika na ujuzi ndiye anayepaswa kulipia uajiri. Kwa Kenya, leseni ya wakala huthibitishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla ya fedha au pasipoti kukabidhiwa mtu yeyote. Wakala anayeahidi viza ya uhakika anauza kitu asichokimiliki, kwa sababu uamuzi ni wa ubalozi.

Mkataba wa ajira usomwe wote, katika lugha inayoeleweka, kabla ya kutiwa saini. Mfanyakazi wa kigeni hapaswi kupewa masharti duni kuliko Mjerumani anayefanya kazi ileile, na kima cha chini cha mshahara, kilichokuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025, kinamlinda pia. Kifungu cha kuchunguzwa zaidi ni kile kinachomtaka mfanyakazi kurejesha gharama za mafunzo au safari akiacha kazi mapema. Kiasi kikubwa kupita kiasi, au muda mrefu usiopungua kadiri miezi inavyopita, kinaweza kumfunga mtu kwa mwajiri mbaya. Ushauri wa bure kuhusu haki za kazi hutolewa na mtandao wa Faire Integration katika majimbo ya Ujerumani.

Mkataba huohuo wa 2024 unahusu pia kurejeshwa kwa Wakenya wasio na kibali halali, hata wenye vitambulisho vilivyokwisha muda. Kwa hiyo tarehe ya mwisho ya kibali ni wajibu wa mfanyakazi mwenyewe kuifuatilia. Kazi ikikoma kabla ya wakati, ofisi ya wageni ya eneo husika hutaarifiwa ndani ya wiki mbili, kwa maandishi, na nakala kuhifadhiwa.