Pampu ya Maji Ipigayo Kelele

Ukisikia pampu yako ya mtoni ikitoa mlio kama changarawe zinazotikiswa katika debe, zima injini. Mara nyingi si changarawe. Pampu haipati maji ya kutosha, na maji yaliyomo hugeuka mapovu ya mvuke. Mapovu hayo yapasukapo huchimba chuma cha gurudumu la ndani kidogo kidogo hata likaharibika, nawe ukakosa maji nyanya zikiwa shambani.

Kwanza pima kimo kutoka uso wa maji hadi pampu. Maji hupanda kwa sababu uzito wa hewa huyasukuma bombani, na hewa ya milimani ni nyepesi. Pwani pampu nzuri huvuta kama mita 7. Kila upandapo mita 1,000 hupungua kama mita 1. Kwa hiyo mkulima wa Nyeri asifuate kipimo cha Malindi. Aishushe pampu karibu na mto, lakini aipandishe kabla ya mafuriko.

Kisha safisha chujio. Bomba la kuvutia lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu, wala usitumie mpira laini unaojibana. Washa injini kidogo, umwagie viungo maji: kelele ikibadilika, hewa inaingia hapo, kaza.

Ikiwa ni mtetemo tu, kaza boliti, weka vipande vya tairi kuukuu chini ya miguu ya pampu, na uunge bomba la chuma kwa kipande kifupi cha mpira mgumu.