Kabla Hujamwandikisha, Kaa Nyuma ya Darasa la Vidudu

Ukitaka kulijua darasa la awali, yaani la vidudu, usiende siku ya mkutano wa wazazi. Siku hiyo uwanja umefagiwa na kumwagiwa maji vumbi lisitimke, na kila mwalimu yupo. Nenda Jumanne ya kawaida, saa mbili asubuhi. Anzia ofisini kwa mwalimu mkuu, umsalimie, umweleze kwamba una mtoto wa kuandikisha mwakani na unaomba kukaa nyuma ya darasa kwa nusu saa. Wiki hiyohiyo nenda shule ya pili ufanye vilevile. Usipishanishe safari hizo kwa miezi, maana darasa la Machi na darasa la Septemba si darasa moja: utoro hubadilika, walimu huhamishwa, na uji huwepo au ukakosekana kulingana na mavuno.

Kwa hapa Haneti, mkoani Dodoma, wakati mzuri ni mwezi wa tisa au mwanzoni mwa wa kumi. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza kwa kawaida huanza Oktoba na kwenda hadi Desemba, na mvua ikishadondoka Desemba hakuna mwenye asubuhi ya kuzunguka shule. Watu wako shambani na mbegu za uwele na mtama. Anayengoja hadi Januari humpeleka mtoto popote atakapopokelewa.

Utasikia watu wakisema hakuna cha kulinganisha, shule zote ni za serikali, mtaala mmoja, ada hakuna. Ni kweli kwamba mtaala ni mmoja, na kwamba ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa, na tangu Januari 2016 utaratibu wa elimu bila malipo ukaanza kutekelezwa. Lakini ndani ya kata moja ya Wilaya ya Chamwino unaweza kukuta shule mbili ambazo darasa la awali la moja halifanani hata kidogo na la nyingine. Na wengi wetu tuna nafasi ya kuchagua, hata kama ni finyu: shule ya kijiji chetu, shule ya kijiji jirani, na pengine kituo shikizi, yaani madarasa machache yaliyo chini ya shule mama, yaliyofunguliwa ili wadogo wasitembee mbali. Usikidharau kituo shikizi kwa udogo wake. Mwaka 2021 serikali ilitenga fedha za mpango wa kukabiliana na athari za Uviko-19 kujenga madarasa 3,000 katika vituo vya namna hiyo nchini, kwa hiyo baadhi yake vina vyumba imara kuliko shule mama.

Matokeo ya darasa la saba yaache. Baraza la Mitihani hutoa ya kila shule na mwenye simu anaweza kuyaona, ndiyo maana watu huyakimbilia. Lakini mtoto aliyefanya mtihani huo alipita awali yapata miaka minane nyuma, pengine mikononi mwa mwalimu ambaye hayupo tena.

Rangi ya ukuta nayo iache. Mimi ilinidanganya. Mwaka nilipomwandikisha mwanangu wa kwanza nilichagua shule yenye chumba kipya, sakafu ya saruji na picha za wanyama ukutani. Muhula wa kwanza ulipokaribia kwisha nikapita bila taarifa. Mwalimu wa awali alikuwa amehamishiwa darasa la tatu, na vidudu walikuwa wakisimamiwa na msichana wa darasa la sita. Mwanangu alikuwa ameketi chini, mfuko wake wa daftari mapajani, hasemi, halii. Alikuwa amekwisha kuzoea. Kuzoea kule ndiko kulikoniuma.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ukishaketi ni kuhesabu. Hesabu watoto waliopo, siyo waliomo kwenye rejista. Hesabu pia wadogo wa miaka mitatu au minne waliofuatana na kaka na dada zao, maana hao hawamo kwenye orodha lakini mwalimu anawalea. Kisha hesabu watu wazima. Kiwango cha sera ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Ukikuta 60 usishangae, lakini andika, kwa sababu kati ya shule yenye 45 na yenye 90 kuna tofauti kubwa sana kwa mtoto wa miaka mitano. Baadaye muulize mwalimu mkuu maswali mawili kwa upole: mwalimu huyu ana darasa jingine analofundisha? Na akiugua au akiitwa semina, nani hukaa na watoto? Jibu la swali la pili ndilo litakalokuonyesha kama shule inawahesabu vidudu kuwa wanafunzi. Uliza pia kama amesomea elimu ya awali au amepangiwa tu kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Mwalimu wa kupangiwa anaweza kuwa mzuri sana, nimewaona. Lakini ni vizuri ujue.

Sasa tazama somo lenyewe. Nilipokwenda kwa ajili ya mtoto wa pili, nilikaa kwenye darasa moja ambalo mwalimu alikuwa na ndoo ya vizibo vya soda. Akamwambia mtoto mmoja, niletee vitano. Mtoto akaleta vinne. Mwalimu hakusema umekosa. Alichuchumaa, akavipanga kwenye mkeka kimoja kimoja, wakavigusa pamoja wakihesabu, kikabaki kidole cha mtoto kimeelekea mahali patupu. Mtoto akainuka mwenyewe akaenda kuchukua cha tano. Siku mbili baadaye, shule nyingine, nilikuta darasa zima likiimba irabu kwa sauti ya kupendeza, fimbo ya mwalimu ikipita ubaoni. Wakati wa mapumziko nilimchorea mtoto mmoja herufi “o” mchangani nikamuuliza ni nini. Akaimba zote tano tangu mwanzo.

Mtaala wa awali unataka mtoto ajifunze kwa kucheza na kushika vitu, na darasa linatakiwa kuwa na kona za kujifunzia: ya hesabu, ya lugha, ya sayansi, ya sanaa. Shule nyingi zitakuonyesha kona. Wewe pitisha kidole juu ya vifaa. Hapa kwetu vumbi jekundu hutua kila siku, lakini la jana na la miezi mitatu hayafanani. Gunzi, mbegu za ubuyu na kopo tupu vinavyoguswa kila siku vina thamani kuliko vichezeo vya dukani vilivyofungiwa kabatini. Na itazame ile fimbo: ni ya kuonyeshea ubaoni, au watoto wanajikunja inaposogea?

Kuna jambo ambalo wazazi wa mjini hawaliwazi, nalo kwetu ni zito: lugha. Mtoto aliyelelewa na bibi anaingia darasani akijua Kigogo, na Kiswahili chake ni cha kusikia redioni. Mwalimu atokaye mbali si kosa, ila sikiliza anafanyaje mtoto asipoelewa. Anarudia kwa sauti kubwa zaidi, au anatafuta njia? Nilimsikia mmoja, mgeni kabisa wa Dodoma, akiwapokea watoto mlangoni kwa “mbukwenyi” kisha akiendelea kwa Kiswahili cha polepole, na nyuso zao zikafunguka. Huko nyuma programu ya EQUIP-Tanzania, iliyofadhiliwa na Uingereza, iliendesha mafunzo ya utayari wa kuanza shule katika mikoa kadhaa, Dodoma ukiwemo. Iliwatumia vijana wa kijijini na hadithi za Kiswahili chepesi kwa watoto ambao hawakupata awali. Waulize walimu wakongwe kama vitabu vile vya hadithi bado vipo, na kama vinasomwa.

Njia ya kwenda shule itembee na mtoto mwenyewe, kwa mwendo wake, ukiangalia saa. Kilomita mbili unazozimaliza kwa dakika 25, yeye zitamchukua 40 na zaidi. Hesabu makorongo. Septemba korongo ni mchanga mtupu wa kuchezea. Februari mvua ikinyesha milimani, maji hushuka ghafla hata kama kijijini kwenu kumekauka. Na kama njia inakata lami ya Kondoa, fikiria mabasi na malori tangu barabara hiyo ya kwenda Babati ikamilike na kuzinduliwa 2018. Shule nzuri ng’ambo ya lami, bila mtu wa kumvusha, kwangu si nzuri kwa mtoto wa miaka mitano. Waulize majirani kama wanaweza kupokezana zamu.

Choo kiingie na mwanao, uone kama tundu linamtisha na kama kuna maji ya kunawa. Uji uuliziwe kwa miezi: walikunywa Februari, kabla ya mavuno? Michango nayo iandikwe yote, nafaka, kuni, mlinzi, na uulize anayeshindwa kutoa hufanywaje. Mtoto hatakiwi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango.

Ukimaliza, mtafute mama ambaye mwanawe yuko darasa la kwanza baada ya kupita awali ya shule hiyo. Mwombe mtoto akuhadithie jambo lolote alilofanya mwaka jana. Akikutajia mchezo, wimbo au jina la mwalimu bila kusukumwa, andika.

Ikiwa shule zote mbili zimekukatisha tamaa, chagua ile yenye njia salama na mwalimu anayebaki darasani, kisha daftari lako ulipeleke kwenye kamati ya shule. Ukisema “watoto 82, mwalimu mmoja, naye ana darasa la pili,” mazungumzo yatakuwa mengine kabisa kuliko ukisema elimu imeshuka. Kamati isipolishika, yuko Afisa Elimu Kata, aliye karibu kuliko ofisi za halmashauri kule Chamwino.

Mwandikishe mapema, ukiwa na cheti cha kuzaliwa au angalau kadi ya kliniki yenye tarehe. Siku ya kwanza mpeleke mwenyewe, na umtajie mwalimu jina analoitwa nyumbani. Kisha katikati ya Februari, hata kama palizi haijaisha, rudi siku ya kawaida bila taarifa, ukahesabu tena.