SOMO LA AFYA: BAKA LISILOUMA KINYWANI

Katibu mwangalifu hangoji mkaguzi wa hesabu ndipo alifungue daftari lake. Kila mwisho wa mwezi hulinganisha stakabadhi na fedha zilizomo sandukuni, kwa kuwa upungufu wa shilingi chache ukionekana mapema hurekebishwa, bali ukiachwa mwaka mzima hugeuka hasara ya chama. Kinywa nacho kina hesabu yake. Saratani ya kinywa, ambayo wengi huiita kansa, mara nyingi hutanguliwa na mabadiliko madogo yanayoonekana kwa macho miezi au miaka kadhaa kabla. Tabu ni kwamba mabadiliko hayo kwa kawaida hayaumi, na mtu asiyeumwa haendi hospitali. Shabaha ya somo hili ni kuwawezesha makatibu na wanachama kuyatambua mabadiliko hayo, kujua mambo yanayoyaleta, na kuchukua hatua maadamu wakati ungalipo.

MAANA YA HALI ZINAZOTANGULIA SARATANI

Ndani ya kinywa mna ngozi nyororo yenye unyevu, ambayo rangi yake ni ya waridi. Kwa Waafrika wengi huwa pia na weusi wa asili usio na madhara. Ngozi hiyo hujijenga upya daima: chembe kuukuu hubambuka na mpya hushika nafasi yake. Inapoguswa na sumu ileile siku kwa siku, mwaka hata mwaka, chembe hizo huweza kuanza kukua pasipo utaratibu. Hali hiyo bado si saratani, lakini ndiyo njia ambayo saratani huweza kupita.

Yafaa ieleweke kwamba wengi wa watu wenye hali hizo hawapatwi na saratani kamwe. Kwa hiyo hapana sababu ya kuingiwa na hofu. Hata hivyo, hakuna awezaye kujua kwa kutazama tu ni baka lipi litakalogeuka, na ndiyo maana kila moja halina budi kuonyeshwa kwa mganga.

HALI NNE ZA KUTAMBUA

Ya kwanza ni baka jeupe, liitwalo na waganga lukoplakia. Huweza kutokea shavuni, kwenye ufizi, juu ya ulimi au chini yake. Utando mweupe wa ukungu, ambao huwapata watoto wachanga na watu waliopungukiwa na kinga ya mwili, mara nyingi hufutika kwa kitambaa safi. Baka hili halifutiki. Likiwa pembeni mwa ulimi au chini yake, au likiwa na vinundu au madoa mekundu ndani yake, huhitaji uangalifu zaidi.

Ya pili ni baka jekundu, yaani erithroplakia. Hili ni adimu kuliko jeupe, lakini hatari yake ni kubwa zaidi. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Shafer na Waldron, walieleza mabaka 65 ya namna hii yaliyochunguzwa kwa hadubini. Zaidi ya nusu yalikwisha kuwa saratani, na mengi ya yaliyosalia yalikuwa na mabadiliko makubwa ya chembe. Baka jekundu lisilo na sababu iliyo dhahiri, basi, si jambo la kungojea.

Ya tatu ni kukakamaa kwa kinywa. Mtu huanza kwa kuungua mdomoni alapo chakula chenye pilipili. Baadaye mashavu hupauka na kuwa magumu kama yaliyofungwa kamba kwa ndani, na kinywa hufunguka kidogo kidogo kila mwaka, hata kula na kusafisha meno kukawa kazi ngumu. Hali hii ina historia Afrika ya Mashariki: mwaka 1952 mtaalamu aitwaye Schwartz aliieleza baada ya kuiona kwa wanawake watano wenye asili ya India waliokuwa wakiishi Kenya. Sababu yake kuu ni kutafuna popoo. Ukakamavu ukishatokea hauondoki wenyewe hata mtu akiacha popoo, lakini kuacha mapema huzuia mengi.

Ya nne hutokea kwenye mdomo wa chini kwa sababu ya jua kali la miaka mingi. Mdomo hupasuka, hukauka na kutoa magamba yasiyopona. Watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga ya rangi, wako katika hatari kubwa ya madhara ya jua, na kofia pana kwao ni kinga ya lazima wala si pambo.

MAMBO YANAYOLETA HATARI

Tumbaku ndiyo ya kwanza, kwa namna zake zote: sigara, kiko, tumbaku ya kutafuna na ugoro unaowekwa mdomoni. Wapo wanaodhani kwamba ugoro ni salama kwa kuwa hauna moshi. Sivyo. Mahali mtu anapoweka ugoro kila siku ndipo mara nyingi baka huanzia.

Ya pili ni popoo. Katika miji ya pwani, tambuu yenye popoo na chokaa imekuwa tangu zamani sehemu ya ukarimu na sherehe, na leo popoo huuzwa pia katika pakiti ndogo, mara nyingine ikiwa imechanganywa na tumbaku. Mwaka 1985 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilithibitisha kwamba tambuu yenye tumbaku husababisha saratani. Mwaka 2004 lilitangaza kwamba hata popoo peke yake, bila tumbaku, huisababisha.

Ya tatu ni pombe. Mtu anywaye pombe na kuvuta tumbaku hapati hatari ya vitu viwili iliyojumlishwa tu, bali hatari hizo huzidishana. Ulaji usio na matunda na mboga za kutosha nao huongeza hatari. Ama jino lenye ncha kali au meno bandia yanayokwaruza, hayo hayajathibitishwa kuwa yenyewe huleta saratani; lakini yarekebishwe, na kidonda kisichopona baada ya marekebisho kichunguzwe.

Vyama vinavyokusanya tumbaku, kama vile vya Tabora na Ruvuma, vina mtihani wa pekee, kwa maana zao hilo ndilo linalolipa karo za watoto wa wanachama. Lakini kuuza jani si sababu ya kuficha madhara yake. Mkulima anayeijua tumbaku tangu kitaluni hadi sokoni anastahili kuijua pia inavyotenda kinywani mwake.

JE, KUACHA KUNAFAA?

Kunafaa. Nchini India, tangu mwaka 1977, zaidi ya wanavijiji 36,000 watumiao tumbaku walikaguliwa vinywa na kupewa mafunzo ya kuiacha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yalionyesha kwamba, katika eneo la Ernakulam, waliopewa mafunzo waliacha kwa wingi zaidi, na mabaka meupe mapya yalipungua miongoni mwao.

Jimbo hilohilo la Kerala lilitoa funzo la pili. Kati ya mwaka 1996 na 2004 watu zaidi ya 190,000 wenye umri wa miaka 35 na zaidi waliingizwa katika uchunguzi mkubwa. Katika sehemu ya vijiji hivyo, watu wasiokuwa waganga walifundishwa kukagua vinywa kwa macho na kuwapeleka hospitali waliokuwa na dalili. Miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa karibu theluthi moja. Jicho lililofundishwa, likisaidiwa na mwanga, liliokoa maisha.

KUJIKAGUA NYUMBANI

Mara moja kwa mwezi mwanachama akae mahali penye mwanga, na kioo mkononi. Kwanza atoe meno bandia ikiwa anayo. Kisha atazame midomo kwa ndani na nje, avute kila shavu, atazame fizi, ainue ulimi aone chini yake, na auvute upande huu na huu aone pembeni. Mwisho apapase shingo kutafuta uvimbe, na ajaribu kufungua kinywa: kwa kawaida vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima huingia kati ya meno ya juu na ya chini.

Baka jeupe au jekundu, kidonda, uvimbe, ganzi au ukakamavu uliodumu majuma mawili upelekwe kwenye zahanati au kwa daktari wa meno. Huko huenda kikakatwa kipande kidogo cha nyama ili kichunguzwe. Wengine huogopa kwamba kukata huamsha saratani. Hofu hiyo haina msingi: kipande hicho ndicho kinachojulisha ukweli.

WAJIBU WA CHAMA

Katibu alisome somo hili katika mkutano wa wanachama, kisha amwombe mganga wa zahanati iliyo karibu aje siku ya malipo, siku ambayo watu wengi hukusanyika. Mwanachama aliyeambiwa aende hospitali asiachwe peke yake. Mara nyingi kinachomzuia si ukaidi bali nauli. Chama kilichoanzishwa ili mnyonge asibebe mzigo wake peke yake hakiwezi kulitazama jambo hili kama la mtu binafsi.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini baka lisilouma huweza kuwa hatari kuliko jino linalouma?
2. Ni namna zipi za tumbaku, popoo na pombe zitumikazo katika eneo la chama, na nani huzitumia zaidi?
3. Zahanati ya karibu iko umbali gani, na chama kiweke utaratibu gani wa kumsaidia mwanachama asiye na nauli?