Kabla ya Kumpa Mbwa au Paka Dawa ya Woga

Mbwa anayekwaruza mlango hadi kucha zinatoka damu kila mwenye nyumba akiondoka, hana kisirani. Anaogopa, na fimbo humzidishia woga. Dawa za kumsaidia zipo: klomipramini iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa mbwa wanaoteseka wakiachwa peke yao, na fluoksetini ikafuata mwaka 2007. Ila huanzi na dawa, unaanza na uchunguzi.

Mbwa mpole aliyegeuka mkali ghafla, au anayechuruzika mate, kwetu Afrika Mashariki ashukiwe kwanza kichaa cha mbwa. Usimguse, mwite daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja kesho. Maumivu nayo hujificha: anayetaka kuuma akiguswa kiunoni huenda nyonga ndiyo inayomsumbua. Na paka dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo usimwone mchafu wala mkaidi. Huenda njia ya mkojo imeziba, na asipotibiwa haraka anaweza kufa.

Ugonjwa ukishaondolewa katika hesabu, mpelekee daktari ushahidi. Acha simu ikirekodi chumbani nusu saa baada ya wewe kutoka. Mbwa anayebweka kwa sababu hana la kufanya na yule anayehema, kutetemeka na kuzungukazunguka mlangoni hawatibiwi sawa, na majirani watakwambia tu kwamba anapiga kelele.

Kisha taja kila dawa anayopata, hata ya kuogeshea kupe. Hapa nasisitiza, maana wengi hawaihesabu kuwa dawa. Amitrazi, inayotumika sana kuogeshea ng'ombe na mbwa, haipatani na fluoksetini wala klomipramini. Zikikutana, serotonini, kemikali ya ubongo, inaweza kupanda kupita kiasi: mnyama hutetemeka, joto hupanda, anaweza kupata degedege na kufa. Tramadoli ya maumivu nayo ina hatari hiyo. Kwa hiyo muulize daktari utamkinga na kupe kwa dawa gani nyingine kabla hujampa kidonge cha kwanza.

Usimgawie dawa zako za kabatini. Diazepamu ya kumeza imewahi kuharibu ini la paka hadi kufa, na baadhi ya dawa za maji za binadamu zina zailitoli, kiongeza utamu ambacho ni sumu kwa mbwa.

Dawa za kila siku kama fluoksetini huchukua wiki 4 hadi 8 kuonyesha kazi yake, hivyo usikate tamaa wiki ya pili. Mwanzoni mnyama anaweza kupoteza hamu ya kula. Paka asipokula kabisa siku nzima, piga simu kwa daktari. Kwa fataki za mwaka mpya au safari ya kliniki, daktari huweza kutoa trazodoni au gabapentini, inayotolewa saa moja au mbili kabla ya tukio. Ijaribu kwanza siku tulivu uone inamfanyaje. Asepromazini, dawa ya kutuliza, siipendi ikitumika peke yake kwa woga wa kelele: mwili hulegea, mnyama akaonekana ametulia, kumbe hofu iko palepale.

Wakati dawa inafanya kazi, mfundishe. Toka nje kwa sekunde chache, rudi kabla hajaanza kuhangaika, ongeza muda kidogo kidogo. Paka anayenyunyiza mkojo ukutani ahasiwe kama bado, na kila paka awe na chombo chake cha mchanga, pamoja na kimoja cha ziada.

Akishatulia kwa miezi kadhaa, usikatishe dawa kwa sababu tu kichupa kimeisha. Daktari atapunguza kipimo polepole kwa wiki kadhaa, nawe uendelee kurekodi. Dalili zikirudi, mpigie kabla ya kupunguza tena.