Pedali ya Breki Ikibonyea Kama Sponji, Gari Lisiondoke



Siku hizi vikundi vingi vina gari la kubebea viti na mahema, maziwa au mahindi. Ili pesa zisiishe kwa fundi, kazi ndogo ndogo tunazifanya sisi wenyewe nyumbani. Hilo ni jambo jema. Lakini breki si kazi ya kuachwa nusu. Somo hili linatoka hapa Langas, Eldoret, na linatokana na kosa letu wenyewe.

YALIYOTUPATA

Ijumaa moja jioni tulikuwa tunatengeneza pikapu ya kikundi. Silinda ndogo ya gurudumu la nyuma ilikuwa inavuja. Tukanunua mpya pamoja na viatu vipya vya breki, tukafunga, tukarudisha gurudumu. Dereva akakanyaga pedali. Ikazama kama mtu anayekanyaga godoro. Akapampu mara tatu, ikapanda kidogo. Mmoja wetu akasema, "Hiyo itajikaza yenyewe njiani. Wewe pampu tu."

Kesho yake tulikuwa na kazi ya kupeleka viti na hema Tambach, na pesa ya kwanza tulikuwa tumeshapokea. Anayeijua njia hiyo anajua maana yake. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo barabara inateremka kona baada ya kona kuelekea Bonde la Kerio. Mweka hazina wetu, mama ambaye hajawahi kushika spana, akauliza swali moja tu: "Ukifika kwenye kona, ukanyage mara ya kwanza ikatae, hiyo nafasi ya kukanyaga mara ya pili utaipata wapi?"

Tukanyamaza. Asubuhi tukakodi gari la mtu mwingine, na faida yote ya siku hiyo ikaenda. Hatujajuta hata kidogo.

KWA NINI PEDALI INABONYEA

Chukueni sindano ya kudungia ng'ombe, isiyo na ncha. Jazeni maji, zibeni tundu kwa kidole, kisha sukumeni. Haisogei. Sasa mwageni maji, vuteni hewa, zibeni tena na msukume. Inaingia, na mkiachilia inarudi. Hiyo ndiyo siri yote. Mafuta ya breki hayabanwi, kwa hiyo nguvu ya mguu inafika gurudumuni. Hewa inabanwa, kwa hiyo nguvu ya mguu inaishia kwenye hewa.

Hewa iliingiaje kwetu? Tulipofungua paipu ili kubadilisha silinda, mafuta yaliendelea kutoka, na hakuna aliyeangalia kikopo kilicho juu ya masta silinda. Kikakauka. Hapo upepo ukaingia.

PIMENI KABLA YA KUFUNGUA

Zimeni injini. Kanyageni pedali mara nne au tano ili nguvu ya busta iishe. Kisha kanyageni kwa nguvu na mshikilie kwa nusu dakika.

1. Ikibonyea kama sponji, na ukipampu inapanda, kuna hewa ndani.

2. Ikiwa iko chini mno, lakini ukipampu inapanda na kuwa ngumu, viatu vya breki viko mbali na dramu. Vikazwe mpaka gurudumu lizunguke likigusa kidogo sana.

3. Ikishuka polepole huku umeishikilia, mafuta yanavuja nje, au raba za ndani ya masta silinda zimeisha. Kutoa hewa hakutaponya ugonjwa huu. Kitu kilichoharibika kibadilishwe.

Sisi tulikuwa na la kwanza na la pili pamoja. Tulikaza viatu kwanza, ndipo tukatoa hewa.

Kwa gari lenye breki za diski, angalieni jambo moja zaidi. Kama mlizitoa kalipa zote mbili, hakikisheni hamkubadilisha ya kulia na ya kushoto. Skrubu ya kutolea hewa lazima iwe upande wa juu, kwa sababu hewa hupanda juu. Ikiwa chini, mtatoa mafuta siku nzima na hewa ibaki palepale.

JINSI YA KUTOA HEWA

Mafundi wa jua kali huita kazi hii kublidi. Inahitaji watu wawili wanaosikizana, spana ya ringi, kipande cha paipu ya plastiki inayoona ndani, chupa, na mafuta mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo.

1. Wekeni gari mahali tambarare na mzuie magurudumu kwa kabari. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

2. Jazeni kikopo. Anzeni na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa pikapu nyingi za usukani wa kulia, ni la nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Kitabu cha gari kikisema tofauti, fuateni kitabu.

3. Vaeni paipu kwenye skrubu, na ncha ya pili izame ndani ya mafuta kidogo chupani.

4. Aliye ndani anakanyaga polepole, anashikilia, na anasema, "Nimeshika." Aliye chini anafungua skrubu kidogo. Mapovu yanatoka. Anafunga, kisha anasema, "Achilia." Mguu usiinuliwe kabla ya skrubu kufungwa, la sivyo hewa itavutwa tena ndani.

5. Rudieni mpaka mafuta yatoke bila povu. Kila baada ya kukanyaga mara nne au tano, ongezeni mafuta kwenye kikopo. Kisikauke tena!

Wekeni kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike sakafuni kabisa. Katika gari kuukuu, pedali ikienda mbali kuliko ilivyozoea, raba za masta silinda husugua sehemu yenye kutu na kukatika. Na gari lenye ABS huenda likahitaji mashine ya fundi. Likikataa baada ya kublidi vizuri, lipelekeni.

MAONYO

Msitie oili ya injini wala mafuta ya taa kwenye breki. Raba zitavimba na mfumo wote utaharibika. Mafuta yaliyotoka msiyarudishe.

Mafuta ya breki ni sumu. Msiyaweke kwenye chupa ya soda ambapo mtoto anaweza kuyanywa. Yakimwagika kwenye rangi ya gari, osheni kwa maji upesi.

Mafuta haya hunyonya unyevu. DOT 3 ikiwa mpya haichemki mpaka ifike angalau nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto, mafuta ya zamani huchemka, mvuke huingia, na pedali huwa sponji ghafla. Kwa hiyo badilisheni mafuta kila baada ya miaka miwili hivi. Mkiteremka, tumieni gia ndogo, na msiachie gari fri ili kuokoa petroli.

Mkimaliza, washeni injini huku mguu uko kwenye pedali. Ikishuka kidogo na kusimama imara, ni sawa. Kagueni kila gurudumu kama kuna mafuta yanayovuja. Kisha jaribuni polepole uwanjani, bila mzigo na bila abiria, mkono uko tayari kwenye hendibreki.

YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, nani ana ruhusa ya kusema, "Gari hili halitoki leo"? Je, anasikizwa hata kama si fundi wala dereva?

2. Tumetenga pesa kidogo za kukodi gari siku letu likiwa bovu?

3. Ni kazi gani ya breki tunaweza kuifanya wenyewe, na ni ipi tumpelekee fundi?