Kutoka Sebuleni hadi Kiganjani: Maswali na Majibu Kuhusu Televisheni, Utiririshaji na Vizazi vya Watazamaji

Utiririshaji ni nini, na unatofautiana vipi na matangazo ya televisheni yaliyozoeleka?

Televisheni ya kawaida hurusha mawimbi kutoka mnarani au kwenye setilaiti, na mawimbi hayo humfikia kwa wakati mmoja kila mwenye antena au dishi, hivyo kwamba ongezeko la watazamaji halimwongezei mrushaji gharama, kwa kuwa mnara unaohudumia watu elfu moja unaweza kuhudumia laki moja kwa umeme uleule. Utiririshaji, yaani kupokea picha na sauti kupitia intaneti na kuzitazama kadiri zinavyowasili bila kusubiri faili zima lishuke, hufuata njia nyingine: kila mtazamaji hupelekewa nakala yake mwenyewe, ikiwa imekatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande kimeandaliwa katika viwango kadhaa vya ubora ili mtandao unapolegea simu iombe kipande chepesi zaidi kabla picha haijakwama. Ndiyo maana uso wa msomaji habari huingia ukungu basi linapouacha mji, kisha ukang'aa tena linapokaribia mnara mwingine wa simu. Ili nakala hizo zisilazimike kuvuka bahari kila zinapoombwa, kampuni kama Google na Netflix huweka ndani ya mitandao ya watoa huduma wa nchi husika maghala ya nakala, ambayo ni kompyuta maalumu zinazohifadhi video zinazotazamwa sana. Tofauti hiyo ya kiufundi ina uzito mkubwa mfukoni, kwani katika mfumo wa kwanza jioni nzima ya kutazama haina hesabu ya dakika, ilhali katika mfumo wa pili kila dakika ina bei yake.

Je, ni sahihi kusema kwamba wazee ni kizazi cha televisheni na vijana ni kizazi cha simu?

Kauli hiyo imeazimwa Marekani na Ulaya, ambako wengi wenye umri wa miaka sabini leo walikulia mbele ya televisheni, na katika Afrika Mashariki haikai sawasawa. Kenya ilianza kurusha picha mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilifuata katika miaka ya mwanzo ya 1970, tena kwa picha za rangi, kabla hata Afrika Kusini haijaanza matangazo yake ya taifa mwaka 1976. Tanzania Bara, ambayo serikali yake ya awamu ya kwanza iliihesabu televisheni kuwa anasa, ilingoja hadi mwaka 1994 ndipo vituo binafsi kama CTN na ITV vikaingia hewani, na televisheni ya serikali ikafuata karibu na mwaka 2000. Mtu aliyezaliwa Tabora mwaka 1950 alikuwa basi na umri wa miaka 44 kituo cha kwanza cha Bara kilipoanza Dar es Salaam, na huenda alifikisha hamsini kabla picha hazijamfikia nyumbani kwake.

Kilichomlea mtu huyo ni redio. Redio ya transista, ile iliyotundikwa kwenye tawi la mwembe wakati wa kupalilia, na ambayo betri zake zikichoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari na matangazo ya vifo, ilikuwa chombo cha mtu mmoja, kilichotembea naye shambani, kisimani na kitandani. Kwa sifa hizo simu ni mrithi wa redio kuliko ilivyo mrithi wa televisheni, na jambo hilo laeleza kwa nini mzee ambaye hakuwahi kumiliki televisheni hasumbuki kusikiliza mawaidha, kaswida au kwaya kupitia YouTube mara tu mjukuu anapomfungulia. Televisheni, ikiwa juu ya kabati la sebuleni na kufunikwa kitambaa cha kufuma mchana kutwa, ilikuwa kituo kifupi katikati ya safari ndefu. Wenye haki ya kuitwa kizazi chake katika Tanzania Bara ni wale waliozaliwa takriban kati ya mwaka 1980 na 2000, ambao leo ndio wazazi.

Basi pengo la vizazi liko wapi hasa?

Liko katika saa na katika rimoti. Kwa wazazi hao saa mbili usiku nchini Tanzania, au saa moja usiku kwa taarifa ya Kiswahili nchini Kenya, haikuwa tu wakati wa habari, kwani ndiyo iliyoamua chakula kiive lini, watoto waoge lini na mgeni asiye na dharura aondoke lini. Michezo ya Kaole kwenye ITV, au Vitimbi na Vioja Mahakamani kwenye televisheni ya taifa ya Kenya, ilikuwa na siku yake na saa yake, na aliyeikosa alisimuliwa kesho yake shuleni au kwenye kijiwe cha kahawa, masimulizi yaliyokuwa na utamu wake na pengine chumvi kuliko mchezo wenyewe. Katika nyumba yenye televisheni moja, aliyeshika rimoti alikuwa mwenye mamlaka, na wengine walijifunza kupenda, au angalau kuvumilia, alichokichagua.

Utiririshaji umeivunja saa hiyo na kuigawa rimoti. Mtoto wa miaka kumi na minne hana sababu ya kujua kipindi kinaanza lini, kwa kuwa kwake kipindi huanza anapokigusa, na anayempangia kinachofuata ni kanuni za mapendekezo, yaani hesabu za kompyuta zinazokisia kutokana na alichotazama jana kile kitakachomshika leo. Mzazi anayelalamika kwamba familia inakaa sebule moja ikitazama vitu vinne kwa kawaida hulaumu simu, ingawa lililotoweka ni ule ulazima wa kutazama pamoja, ambao haukuwa chaguo la mtu hata wakati ule.

Kwa nini basi vijana wengi hawajaiacha televisheni kabisa?

Sababu kubwa ni bando. Kwa makadirio ya Netflix yenyewe, saa moja ya kutazama kwa ubora wa kawaida hula takriban gigabaiti moja, na kwa ubora wa juu hufikia gigabaiti tatu, kwa hiyo kijana anayenunua kifurushi cha siku kwa pesa ya simu hulazimika kuhesabu kama tamthilia itakwisha kabla ya bando. Hesabu hiyo imezaa ustadi wake: kuna wanaoshusha ubora wa YouTube hadi 144, kiwango ambacho sauti husikika lakini mpira wa miguu hugeuka doa jeupe linalokimbia, kuna wanaosubiri bando la usiku lenye bei nafuu ili wapakue vipindi vya kesho, na kuna wanaokaa barazani kwa jirani mwenye mtandao wa nyumbani kwa muda mrefu kuliko salamu zinavyohitaji.

Kampuni zinalitambua hilo. Netflix, iliyoingia katika nchi takriban 130 kwa mpigo mnamo Januari 2016, zikiwamo za Afrika Mashariki, ilianzisha Kenya mwaka 2021 huduma ya bure kwenye simu za Android, yenye sehemu tu ya filamu zake na isiyo na matangazo ya biashara, kisha ikaifunga Novemba 2023. Bure ile ilikuwa ya filamu, kwa maana bando lilibaki juu ya mtazamaji.

Je, king'amuzi kilichangia watu kuhamia mtandaoni?

Kilichangia kwa njia isiyokusudiwa. Chini ya makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006, nchi zilipaswa kuhama kutoka mfumo wa analojia kwenda dijitali kufikia Juni 2015, nayo Tanzania ikaizima mitambo ya zamani Dar es Salaam mwishoni mwa Desemba 2012. Aliyekuwa akitazama kwa antena ya waya juu ya mlingoti sasa alihitaji kisimbuzi, ambacho wengi hukiita king'amuzi, na mara nyingi kifurushi cha kila mwezi pia. Nchini Kenya mgogoro wa uhamaji huo ulisababisha KTN, NTV, QTV na Citizen kutoweka hewani kwa takriban majuma matatu kuanzia katikati ya Februari 2015. Mtazamaji aliyezoea kwamba picha ni bure kama upepo alifundishwa kulipia picha, na aliyekwisha kufundishwa hivyo hakuona ajabu kulipia bando. Wakati huohuo nyaya za baharini, kuanzia SEACOM iliyofika Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009, zilikuwa zimeiondoa intaneti katika utegemezi wa setilaiti wenye gharama kubwa, jambo ambalo bila hilo mazungumzo haya yote yasingekuwapo.

Vibanda umiza na muvi zilizotafsiriwa vina nafasi gani katika simulizi hili?

Vina nafasi kubwa kuliko inavyokubaliwa na wanaopima soko kwa idadi ya wanaojiunga. Kibanda umiza, yaani banda la mabati lenye viti vya mbao na kiingilio kidogo, kiliwapa mamilioni filamu za Hong Kong, India na Marekani zikiwa na sauti ya mfasiri juu yake: Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, VJ Jingo kwa Uganda. Wafasiri hawa hawakufasiri maneno tu, bali waliwapa wahusika majina ya mtaani, wakatabiri kitakachotokea na kumcheka adui kabla hajaanguka, hata ikawa mtazamaji alikuja kumsikia mfasiri na filamu ikawa kisingizio. Leo muvi hizo huingizwa kwenye flashi au kadi ya kumbukumbu katika vibanda vya simu kwa malipo madogo, na hutazamwa bila mtandao wowote. Zimeshinda utiririshaji kwa bei na kwa lugha, ingawa wenye haki za filamu hawapati senti.

Je, Kiswahili kimepata au kimepoteza?

Mwaka 2011 TBC, televisheni ya taifa ya Tanzania, ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, nayo ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013; baadaye televisheni ya Azam ikaonyesha tamthilia za Kituruki kwa Kiswahili, na mizozo ya wakwe wa Istanbul ikajadiliwa saluni kana kwamba ni ya Magomeni. Kazi hiyo ya kutia sauti ilifanywa na televisheni. Majukwaa ya kimataifa yameleta tamthilia chache za hapa, kama Country Queen ya Kenya ya mwaka 2022, lakini sehemu kubwa ya hazina yao haipatikani kwa Kiswahili hata kwa maandishi chini ya picha. Kwa wasemaji walioko Muscat au London mizani huinama upande mwingine, kwani vipindi vya Unguja vilivyokuwa havivuki mkondo sasa huwafikia kupitia YouTube.

Na mpira?

Mpira ndio ngome ya televisheni. Mwaka 2021 Azam ilitia saini na shirikisho la soka la Tanzania mkataba wa miaka 10 wa haki za kuonyesha ligi kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, fedha ambazo hakuna anayezitoa kwa kitu kinachoweza kutazamwa kesho. Utiririshaji mubashara huchelewa kwa sekunde kadhaa nyuma ya mnara na setilaiti, kwa sababu vipande vya picha lazima viandaliwe na kulimbikizwa kidogo simuni kabla ya kuonyeshwa. Anayefuatilia mechi ya Simba na Yanga kwa simu chumbani husikia ukelele wa goli kutoka kibanda cha jirani wakati kwenye kioo chake mpira ungali katikati ya uwanja.

Je, televisheni ya kawaida itatoweka?

Nchini Marekani, kwa vipimo vya kampuni ya Nielsen, Mei 2025 ulikuwa mwezi wa kwanza ambapo utiririshaji, ukiwa na asilimia 44.8 ya muda wa kutazama televisheni, ulizidi matangazo ya hewani na ya kebo yakijumlishwa. Kuuhamishia mwelekeo huo Afrika Mashariki kunahitaji tahadhari, kwa kuwa hapa uhamaji hutegemea bei ya gigabaiti kuliko umri wa mtazamaji, na hutegemea pia nyaya chache zilizolala chini ya bahari. Nyaya za SEACOM na EASSy zilipokatika Mei 12, 2024, intaneti ilidorora nchini Tanzania na katika nchi jirani kwa siku kadhaa, na video zikabaki zikizungusha kile kiduara katikati ya kioo. Mawimbi ya minarani, ambayo hayapiti baharini, hayakuguswa, na taarifa ya habari ya saa mbili ilisomwa saa mbili.